Jinsi Nilivyosahihisha Vyuo Vikuu Viwili

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mshtuko wa kwanza wa wiki, na chai bado haijapoa. Mjukuu wangu amepata nafasi katika vyuo vikuu viwili, vyote kwa shahada ya kwanza ya fedha. Furaha yangu ilidumu muda wa kukunja barua tu. Kisha akasema hajaamua aende kipi.

Hajaamua. Kimoja ni Chuo Kikongwe, nilikosoma mimi, chenye kuta nene na saa ya mnarani. Kingine ni Chuo cha Vioo. Jina hilo nimekipa mimi, maana mtu akipita barabarani anajiona ukutani, anarekebisha kola, anaondoka akidhani ameelimika. Kuamua nini hapo?

Yafaa nieleze, japo sijui namweleza nani. Kila barua ina namba ya uthibitisho. Mwanafunzi anaingiza namba ya chuo anachokitaka kwenye tovuti kabla ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Asipofanya hivyo, nafasi zote mbili wanapewa walio kwenye orodha ya akiba, naye anangoja mwaka mzima. Mjukuu wangu ameshangoja mwaka mmoja, kwa sababu aliugua wakati wa kuomba nafasi. Wenzake wanaingia mwaka wa pili. Halisemi, lakini juzi nilimwona akitazama picha zao kwenye simu, kisha akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Nilimwambia aniachie mimi suala hili, mtahini wa hisabati wa miaka thelathini na minne. Alisema hapana, asante, Babu. Nimelichukulia kuwa ni kuona haya tu.

Mke wangu ni mkunga mstaafu. Alisema amewahi kuwaambia wazazi wengi wasisukume kabla ya wakati, na walikuwa na sura kama hii yangu.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Mkwe amekuja bila kuitwa. Huyu ni baba wa mume wa binti yangu, yaani babu wa pili wa mtoto huyu huyu, cheo anachokikumbuka siku kama za leo tu. Mpima ardhi mstaafu. Alisomea upimaji pale pale kilipo Chuo cha Vioo, enzi hizo kikiwa chuo cha ufundi chenye mabanda mawili na choo kimoja. Aliketi kwenye kiti changu. Akatangaza kwamba mtoto anakwenda kwenye vioo, kwa kuwa fedha za siku hizi hazisomwi chini ya saa mbovu.

Nilishtuka. Saa ile si mbovu. Imesimama.

Nikamwambia mshika kamba asinifundishe mambo ya vyuo. Akaniambia mla chaki anywe maji, chaki inakausha koo. Ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Mjukuu wangu aliingia kati. Alisema wiki mbili zilizopita aliwaandikia watu wa udahili wa vyuo vyote viwili, akawauliza maswali kumi yale yale, na wote wamejibu. Alikuwa anatafuta siku ya kuyasoma majibu kwa utulivu.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nilisikia hata vidole vikinitekenya.

Katika mitihani, msahihishaji hajui karatasi ni ya nani. Mtahiniwa ni namba tu. Basi nikaagiza mjukuu anakili majibu yote kwa mwandiko wake, aondoe majina, chuo kimoja kiwe 01 na kingine 02. Majina yaingie kwenye bahasha, bahasha ikae kwa mke wangu. Mimi nitasahihisha kwanza. Mkwe atasahihisha nakala ya pili. Alhamisi tunafungua bahasha, mwenye alama nyingi ameshinda, ugomvi umekwisha.

Mkwe alikubali papo hapo, na hilo lilinishtua. Anaamini haki ikitendeka vioo vitashinda. Maskini. Mimi (nayaandika haya hapa tu) nina mpango ulio rahisi mno. Sauti ya chuo changu nitaitambua hata nikifungwa kitambaa machoni. Nitaipa tisini na kitu, na hakuna atakayesema nimependelea.

Barua zenyewe za nafasi nimezitia kwenye sanduku la bati, nikalifunga kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili Mkwe. Ndivyo mitihani inavyohifadhiwa: mtu mmoja peke yake asiweze kufungua. Mjukuu alipotoka jikoni, kufuli zilikuwa zimeshalia. Alisema alikuwa hajanakili zile namba za uthibitisho. Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Akatuapisha, mmoja mmoja, kwamba Ijumaa asubuhi sanduku litakuwa wazi. Tuliapa. Mke wangu aliuliza kama kuna kiapo cha ziada kwa ajili ya akili.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Nimesahihisha. Kalamu nyekundu mkononi baada ya miaka tisa. Mkono haujasahau.

Dakika ya tatu nilikuwa nimekwisha kujua. Mtahiniwa 01 ndiye Chuo Kikongwe. Anaandika kwa utulivu wa mtu mzima. Swali la saba, kwa mfano, linauliza ni wangapi kati ya wanaoanza shahada ya fedha wanaoimaliza kwa wakati. 01 anajibu: “Walio wengi sana hufuzu kwa wakati katika mazingira ya ubora.” Basi. Haropoki. Mtu mwenye heshima zake hahesabu watoto wake mbele za wageni. Kumi kwa kumi.

Halafu 02. Nilishika kichwa. Anasema walianza mia moja na ishirini, wakamaliza kwa wakati sabini na mmoja, thelathini wakachelewa, kumi na tisa wakaacha kabisa. Nani alimwuliza yote hayo? Akaendelea, bila aibu, kwamba wengi huangushwa na somo la takwimu la mwaka wa pili, kwa hiyo sasa kuna saa mbili za ziada kila Jumatano. Swali la tisa likawa vituko: anakiri kwamba ukumbi mkubwa unavuja mvua ikinyesha kwa upepo. Vioo hivyo! Nilijua tu kwamba vitavuja.

Nimeandika pembeni: “Mtahiniwa anajitia kitanzi mwenyewe.” Swali la saba nimempa moja, ya mwandiko, kisha nikakumbuka mwandiko ni wa mjukuu wangu, nikaifuta.

01: tisini na moja. 02: arobaini na tatu. Sikumbuki lini mara ya mwisho haki na matakwa yangu vilikaa meza moja hivi.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Zamu ya Mkwe. Anasahihishia nyumbani kwake, mtaa wa tatu kutoka hapa. Nimeona busara nipite kwa mbali nitazame uso wake. Uso wa msahihishaji unasema mengi. Nilipanga kusimama nyuma ya ukuta wa jirani yake, penye pengo la tofali moja.

Sikufika. Mkwe ameiweka barazani ile darubini yake ya kupimia viwanja, juu ya miguu mitatu. Aliniona tangu kwenye kona. Alinipungia mkono. Kisha akaniita kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, kwamba niko mita themanini na mbili kutoka mlangoni, na kama naendelea kuja nipite na mkate.

Nilipita na mkate. Ningefanya nini? Mke wake alinishukuru sana.

Jioni alirudisha karatasi zikiwa zimeviringishwa kama ramani, zimefungwa uzi. Ametumia wino wa kijani na alama zenye nukta. Nani hutoa nusu alama kwenye swali la mabweni?

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nane mchana tulikaa mezani. Mimi nikasoma alama zangu: tisini na moja kwa 01, arobaini na tatu kwa 02. Nikamtazama Mkwe kwa huruma. Mkwe naye akasoma zake: thelathini na nane na nusu kwa 01, themanini na nne kwa 02. Naye alikuwa akinitazama kwa huruma. Nikadhani joto limempanda.

Mke wangu akafungua bahasha. 01 ni Chuo cha Vioo. 02 ni Chuo Kikongwe.

Nilimwomba arudie. Alirudia polepole, kwa ile sauti ya kuwaambia watu kwamba ni mapacha.

Yaani ukumbi unaovuja ni ule niliokalia mimi. Na Mkwe, ambaye tangu Jumatatu haishi kuvisifu vioo, amevichinja kwa wino wa kijani. Ameandika kwenye swali la saba la 01: “Kipimo hakuna. Rudi kiwanjani.” Kwenye la 02 ameandika kwamba kila kipimo kina kosa lake, na mtu asiyekuonyesha kosa lake huyo hajapima, amekadiria kwa jicho.

Mjukuu akasema, kwa upole kabisa, kwamba sasa anaweza kuchukua barua zake.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mimi katika miaka thelathini na minne sijageuza alama hata moja. Wazazi walikuja, nikakataa. Ofisa alikuja na gari, nikakataa. Nikizigeuza leo, basi nimewadhulumu wote wale. Kwa hiyo nilisimama nikatangaza kwamba alama zangu ni halali, na kuanzia saa nane na robo mimi ni mtu wa Chuo cha Vioo. Maneno yalinishtua mimi mwenyewe yakinitoka.

Mkwe naye ana ugonjwa huo huo. Akasema hajawahi kurudisha jiwe la mpaka nyuma hata hatua moja. Themanini na nne yake ni themanini na nne. Mtoto ataenda Chuo Kikongwe. Nikamwambia Chuo Kikongwe hakifai, paa linavuja. Akaniambia nisikitukane Chuo Kikongwe mbele yake. Nikamwuliza amejua lini kusahihisha, mtu wa kushika kamba juani. Akasema afadhali kamba kuliko mwalimu anayetoa kumi kwa kumi kwa hewa.

Aliondoka bila kumaliza chai. Mkwe hajawahi kuacha chai.

Mjukuu wangu alibaki akitazama mlango. Akaniuliza kama ufunguo wa Babu Mpima ameuacha. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Saa mbili asubuhi mjukuu alikuwa ameshavaa viatu, ameketi kando ya sanduku. Nikampigia simu Mkwe. Alisema ataleta ufunguo mara tu nitakapoandika kwamba arobaini na tatu ilikuwa kosa. Nikamwambia nitaandika akishaandika kwamba thelathini na nane na nusu ilikuwa kosa. Akasema hata ile nusu haiondoi.

Saa nne: nilimtumia ujumbe wa mapatano. Alijibu kwa neno moja, ambalo mke wangu hakuniruhusu kulisoma kwa sauti.

Saa sita: nimeandika mapatano kamili, vipengele saba. Mkwe amekubali viwili, cha utangulizi na cha tarehe.

Saa nane: mjukuu hakula. Nilimweleza kwamba taratibu nzuri huchelewa mwanzoni. Alikuwa ameacha kuzungumza tangu saa saba, na ni mtoto msemaji.

Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye kipengele cha nne, namsomea Mkwe kwa simu, mjukuu aliposimama. Hakupandisha sauti. Alisema, “Babu, mwaka jana niliugua. Mwaka huu nina wazee wawili.”

Simu ilikuwa wazi. Mkwe alisikia.

Mjukuu alilibeba sanduku akatoka. Nilimfuata. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya fundi wa kuchomelea mageti, mtu mmoja mwenye miwani nyeusi paji la usoni. Alilipokea, akazitikisa kufuli, akauliza nani kazifunga. Nikasema mimi. Akasema ni kufuli nzuri sana. Kisha akaligeuza sanduku upande wa nyuma, akachukua bisibisi, akafungua skrubu sita za bawaba. Kifuniko kikainuka kutoka nyuma kama mdomo wa kiboko. Kufuli zote mbili zilibaki zimefungwa, hazina hata mkwaruzo. Haikuchukua dakika mbili. Hakutaka hata ahsante, alisema kazi yenyewe haikuwapo.

Niliegemea geti lisilokauka rangi. Nilikuwa nawaza maghala yote ya mitihani niliyoyalinda. Bawaba zilikuwa upande gani? Sitaki kujua.

Mjukuu alikimbia mpaka dukani kwa yule mama anayechapa na kurudufu karatasi, mwenye kompyuta tatu. Mbili zilikuwa na watu. Ya tatu ilikuwa inawaka polepole, na yule mama akawa anaipigapiga ubavuni kama anayemwamsha mtoto wa shule. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje, nyuma ya suruali ina rangi ya kijivu. Mkwe akatokea mbio, ufunguo umening'inia kidoleni, ameacha kofia. Alisema alitoka mara tu aliposikia yale maneno. Nikamwambia bawaba. Akautazama ufunguo wake. Kisha akaketi kando yangu. Hatukutazamana. Tuliangalia saa ya ukutani ya yule mama, ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa inatembea.

Saa kumi na dakika arobaini na sita mjukuu alitoka na karatasi iliyochapwa, bado ina joto. Akatuonyesha. Chuo Kikongwe.

Sijawahi kushtuka hivi nikiwa nimeketi. Chuo changu kimeshinda, nami nimeshindwa. Chuo cha Mkwe kimeshindwa, naye ameshinda. Hakuna aliyejua ampe nani mkono. Mwishowe tulimpa mkono yule mama wa duka.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nilimwuliza mjukuu kwa nini. Nilimwuliza vizuri, bila kalamu.

Alileta karatasi ya 02, akaniwekea kidole kwenye swali la saba. Alisema kazi anayokwenda kuisomea ni ya kuketi mbele ya taarifa zilizojaa sentensi kama ile ya 01, za walio wengi sana na mazingira ya ubora, na kuuliza namba iko wapi. Aliona afadhali aanzie mahali ambapo namba imetolewa kabla mtu hajabanwa. Tena ameshajua ni somo gani litakalotaka kumwangusha, na kwamba Jumatano kuna watu wa kumsaidia.

Nikamwambia lakini kumi na tisa waliacha. Akasema ndiyo, na kwa 01 nako wapo walioacha, ila hao hawana hata pa kuhesabiwa.

Kisha akaongeza kwamba nilimfundisha mimi, akiwa darasa la nne, kwamba jibu lisiloonyesha njia halipati alama. Alishangaa kuona kumi kwa kumi yangu pale. Hakulisema kwa kunisuta. Ndilo lililonichoma zaidi.

Mke wangu alinipakulia chakula cha mchana, akasema mtoto amezaliwa salama, sasa niwaache watu wapumzike.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Nimetafakari siku mbili nzima na nimeligundua kosa. Wasahihishaji wawili ni wachache. Wakitofautiana, hakuna wa kuamua. Tungekuwa watatu, yale yote ya Ijumaa yasingetokea. Nilimpigia simu Mkwe, naye alikuwa amefikia jambo hilo hilo peke yake. Tumepatana kabisa. Amekuja kumalizia chai.

Tena neema haina hodi: asubuhi hii imeletwa fomu ya mabweni kutoka Chuo Kikongwe. Mwanafunzi achague bweni la kaskazini au la kusini, kisha airudishe kabla ya Jumatano saa sita mchana. Atakayechelewa ajitafutie pa kulala. Mjukuu yuko sokoni na bibi yake, wananunua shuka. Mkwe anapendelea kaskazini, kwa sababu ya mteremko wa maji. Mimi nakataa kusema napendelea lipi. Itafanywa kwa namba, kwa siri, kama inavyotakiwa.

Msahihishaji wa tatu tumempata. Ni yule fundi wa mageti. Hana chuo chochote anachokipenda, na Ijumaa alionyesha uhuru wa mawazo ambao sijauona kwa maofisa wengi. Alikataa kwanza. Alisema hajui mambo ya mabweni. Nikamweleza, kwa muda wa nusu saa, kwamba huko ndiko kufaa kwake. Alikubali ili arudi kazini.

Fomu ameondoka nayo. Leo anasafiri kwenda kufunga mageti ya ghala moja nje ya mji, anarudi Alhamisi, na ameahidi kuisoma huko kwa makini. Mtu asiye na haraka. Nimefurahi sana kumpata.